Mchezo wa Mafuvu Usihukumiwe kwa Sura

Mjini Runyenjes, kando ya barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru, kuna chumba kidogo cha biashara ambamo watu hupigiwa chapa barua, hunakili vyeti na kujaziwa fomu za serikali. Siku moja ya soko nilikuwa nimeketi humo nikingoja karatasi zangu, akaingia mama mmoja akimtafuta mwanawe. Alimkuta kwenye kompyuta ya pembeni pamoja na wenzake wawili, wote wakiwa wamekodoa macho. Kwenye kioo lilionekana jeshi la mifupa mitupu yenye panga, limejipanga mbele ya ngome chini ya mbingu nyeusi, na nyuma yake kulikuwa na mfu aliyevaa joho la kifalme.

"Haya ndiyo uliyoiachia kahawa mtini?" aliuliza yule mama. "Mashetani?"

Kijana alisimama, kama inavyompasa mtoto mbele ya mzazi wake. "Si mashetani, mama," alijibu kwa sauti ya chini. "Ni hesabu."

Mama hakuridhika, na kijana aliondoka naye. Lakini jibu lile halikunitoka akilini, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimeona mara nyingi katika magazeti na kusikia kutoka mimbarini maonyo juu ya michezo ya kompyuta yenye sura za kutisha, na ni mara chache sana nimemwona mwonyaji aliyeketi hata kwa saa moja akatazama mchezo wenyewe unavyochezwa. Mimi nilitazama. Kwa kuwa karatasi zangu zilichelewa, nilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mchezo ule unaitwa Heroes of Might and Magic, toleo la tatu, uliotolewa mwaka 1999 na kampuni ya New World Computing ya Marekani. Una umri mkubwa kuliko vijana wale waliokuwa wakiucheza. Ni wa aina ambayo wenyewe huiita michezo ya mbinu ya zamu kwa zamu. Kila mchezaji ana miji yake, hazina yake na majemadari wake. Inapofika zamu yake, anapewa siku moja. Katika siku hiyo jemadari anaweza kutembea mwendo fulani tu, mji unaweza kujengwa jengo moja tu, na dhahabu iliyotumika kwa jambo hili haitapatikana kwa jambo lile. Akishamaliza, anampisha mwenzake. Kila wiki inapoanza, askari wapya huzaliwa katika miji, na anayejua kuhesabu siku atajua lini ashambulie na lini asubiri. Zipo jamii mbalimbali za kuchagua, wakiwamo wanadamu wa kawaida na viumbe wa misituni. Ipo pia jamii ya wafu, ambayo baada ya kila vita huwainua baadhi ya waliouawa upande wa pili wakawa mifupa ya kuongeza jeshi lake. Hao ndio aliowaona yule mama.

Michezo ya jamaa hii ni mingi. Mwaka uo huo wa 1999 ulitoka Disciples, ambao giza lake ni zito zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya Red Hook ya Vancouver, Kanada, ilitoa Darkest Dungeon, na mwaka uliofuata vijana wa Hamburg, Ujerumani, wakatoa Battle Brothers. Yote inafanana kwa mambo mawili: dunia yake imejaa makaburi, laana na mazimwi, na ndani yake hakuna anayeharakishwa.

Tusimcheke mama wa Runyenjes. Hofu yake ina historia katika nchi hii. Mnamo mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilipotolewa hadharani mwaka 1999 ilizungumzwa katika kila nyumba, kila matatu na kila ua wa kanisa. Watoto waliosikia mazungumzo yale wakiwa miguuni pa wazazi wao ndio wazazi wa leo. Wala hatukuwa peke yetu. Huko Marekani, baada ya mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons kuchapishwa mwaka 1974, walitokea wazazi na wahubiri katika miaka ya 1980 walioamini kuwa unawafundisha watoto uchawi na kuwapeleka kwenye kifo. Miaka ikapita, na wengi wa watoto wale wakawa wahandisi, walimu, mawakili, na baadhi yao ndio waliokuja kubuni michezo hii ya kompyuta tunayoizungumzia.

Jambo linalonishangaza ni lingine. Sisi tuliolelewa kwenye miteremko ya mlima huu tunawezaje kudai kwamba hadithi za giza ni ugeni? Nani kati yetu hakulala akitetemeka kwa ajili ya zimwi? Wagikuyu na majirani zao husimulia habari za mhunzi aliyekwenda mbali kufua chuma, akamwacha mkewe mja mzito. Mke akajifungua, na aliyekuja kumhudumia alikuwa zimwi, likipika chakula na kukila lenyewe huku likimwonyesha mzazi sahani. Mama yule hakuwa na nguvu za kupigana. Alichokuwa nacho ni mbegu za mbarika, na kwa mbegu hizo akamlisha ndege mmoja na kumtuma kwa mumewe. Hadithi hiyo ina uovu ndani ya nyumba, njaa na mtoto mchanga. Walitusimulia nyanya zetu tukiwa wadogo, kisha wakatuambia tukalale.

Wameru nao wanayo masimulizi ya Mbwaa, nchi ya utumwa walikotoka. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwapa majukumu yasiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Waliambiwa walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakakaa, wakafikiri, wakakata ngozi ya shambwelele la ng'ombe, ile inayoning'inia shingoni, nayo ina manyoya huku na huku. Kila jukumu lilipotatuliwa likaja zito kuliko lile, hadi wakadaiwa mkuki wa kufika mawinguni. Hapo Koomenjwe, kiongozi wao, akatambua kwamba hesabu imekwisha na kilichobaki ni kuondoka. Akawavusha watu wake maji, wakatoka. Mwanazuoni Jeffrey Fadiman aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru alikiita kitabu chake cha mwaka 1993 kwa jina linalotaja wachawi tangu mwanzo wa mambo. Hakukosea, maana wazee ndivyo walivyomweleza.

Na hapo hapo Runyenjes, hatua chache tu nje ya mji, kipo kichaka kitakatifu cha Mwenendega, ambapo Waembu husema ndipo Mungu alipomweka babu yao na kumpa mke mzuri, Nthara, aliyekutana naye mtoni. Mtoto wa Runyenjes anayekatazwa kutazama msitu wa ajabu kwenye kompyuta anapita kando ya msitu wa ajabu akienda shule.

Tukitoka mlimani tukaingia katika fasihi ya Kiswahili, ni yale yale. Shaaban Robert, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa ushetani, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Humo mtu mwema anawacharaza viboko kila usiku manyani wawili ambao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa. Vizazi vya wanafunzi vimekisoma kitabu hicho. Walijua kwamba nyani yule ni wivu, na kwamba kiboko kile ni adhabu isiyomfurahisha hata anayeitoa.

Kwa hiyo mafuvu peke yake hayaelezi mvuto wa michezo hii. Kama kijana angetaka kutishwa tu, zipo filamu za kutosha, tena za bei nafuu. Mvuto wake uko mahali pengine, na nitajaribu kuueleza kama nilivyouona, kisha kama nilivyoelezwa na vijana wenyewe niliporudi mara ya pili na ya tatu.

Kwanza ni kwamba mchezo unangoja. Yule aliyekuwa na zamu siku ile alikaa kimya, na mchezo nao ukakaa kimya. Wenzake walimshauri: mmoja alitaka ashambulie ngome, mwingine alisema jeshi lake litachoka na siku ya saba iko karibu, afadhali asubiri askari wa wiki mpya. Walibishana kwa Kiembu, wakihesabu kwa vidole. Kijana wa umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane, ambaye kila mahali anaambiwa fanya haraka, jibu haraka, ondoka haraka, hapa ameachwa afikiri. Nawauliza wasomaji wangu walimu: ni wapi kwingine anapopewa nafasi hiyo?

Lakini muda wa kufikiri hauna thamani kama hakuna kinachoweza kupotea. Hapo ndipo giza linapofanya kazi yake. Katika Darkest Dungeon, mchezaji huwatuma watu wanne katika mapango chini ya jumba lililolaaniwa. Wanabeba mienge, na mienge hiyo huungua. Mwanga ukipungua, adui huwa wakali zaidi, lakini hazina nayo huongezeka, na kila mara sharti uamue: tuwashe mwenge mwingine, au twende gizani? Watu hao hawaumizwi mwili tu. Wana kipimo cha msongo wa moyo, na kipimo hicho kikifika mia, mtu huvunjika: mmoja anakuwa mchoyo, mwingine anaanza kuwashuku wenzake, mwingine anawatukana. Mara chache hutokea aliye tofauti, ambaye shida inamwimarisha. Anayekufa amekufa. Mchezo hujiandikia wenyewe kila linalotokea, na hakuna kurudi nyuma kufuta kosa.

Kijana mmoja aliniambia alimpoteza mganga wake, yaani mhusika anayewatibu wengine, kwa sababu alitamani chumba kimoja zaidi cha hazina. Alisimulia kwa uchungu. Nilimwuliza ni nani aliyemlaumu. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Ni mimi niliyemtuma," akasema.

Jibu hilo halina hila. Hakumtaja mwalimu, mzazi, serikali, wala bahati. Tumezoea viongozi wanaopoteza mali ya umma kisha wakaunda tume ya kumtafuta aliyeipoteza. Hapa yuko mtoto wa mkulima anayeusema wazi uamuzi wake mbaya na gharama yake.

Battle Brothers nao una somo ambalo mkulima yeyote wa Embu angelitambua mara moja. Mchezaji ni mkuu wa kikosi cha askari wa kukodiwa. Anaweza kumwandika mvuvi, kibarua wa shamba, hata ombaomba. Kila siku sharti wale, na kila siku sharti walipwe. Mkuu aliyetumia fedha zote kununua silaha nzuri akakosa mshahara ataamka akute watu wake wamemkimbia. Mazimwi yamo pia, tena ya kutosha, lakini wanaochezea mchezo huo wanasema kinachowakosesha usingizi ni daftari la matumizi. Watoto waliokulia katika nyumba ambamo malipo ya kahawa hungojwa miezi na miezi, na ada ya shule haingoji hata siku moja, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wanalijua. Tofauti ni kwamba katika mchezo ndio wanaoshika mfuko.

Hata ile jamii ya wafu katika mchezo wa kwanza niliouona ina hesabu yake. Mifupa haina woga wala furaha. Moyo wake haupandi wala haushuki. Lakini ukiichanganya na askari walio hai, wale walio hai hushuka moyo na kupigana vibaya. Nani asiyejua ofisi ya namna hiyo?

Mtu atasema: hizi ni falsafa za mwandishi, vijana wanacheza tu. Ni kweli wanacheza tu. Wazee wa pwani nao hucheza tu wanapoketi kwenye baraza na bao lao lenye mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake, na kete 22 mkononi, na tangu hapo hakuna bahati yoyote: hakuna kutupa dadu wala kuchanganya karata. Ukishindwa, umeshindwa kwa akili yako. Mholanzi Alex de Voogt alitetea tasnifu katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya ubingwa wa bao, akitaka kujua akili ya binadamu inaweza kubeba hesabu kiasi gani. Huku bara Wagikuyu walikuwa na giuthi yao, na katika kilima cha Hyrax Hill karibu na Nakuru mashimo ya mchezo wa namna hiyo yamechongwa katika mwamba. Waliyachonga watu waliokuwa na mifugo ya kuchunga, na bila shaka mama wa siku hizo aliwahi kufika pale akauliza ni nani aliyeachiwa ng'ombe.

Hata sasa, ukipita mbele ya maduka ya Runyenjes mchana, utawakuta wanaume wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wachezaji wawili na washauri kumi. Nilichokiona katika kile chumba cha kompyuta kilikuwa kitu kile kile. Mchezo ule wa 1999 unaruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja: wewe ukimaliza zamu yako unainuka, mwenzako anakaa. Kiti kimoja kinazunguka. Anayengoja hageuki akaenda zake. Anabaki kushauri, kubeza na kujifunza.

Pia kuna sababu ya kawaida kabisa, ambayo wanaozungumzia mambo haya wakiwa Nairobi huisahau. Michezo ya kasi inayosifiwa leo huhitaji kompyuta mpya na intaneti isiyokatika, na vifaa hivyo vina bei. Mchezo wa zamu hauhitaji mkono mwepesi wala mashine mpya. Unakubali kompyuta kuukuu iliyokwisha kutumiwa katika ofisi fulani. Hauhitaji kununua data. Umeme ukipotea, na Runyenjes kama kwingineko umeme hupotea, mchezaji hupoteza zamu moja au mbili, halafu huendelea alipoachia. Ni mchezo wa watu wenye subira na vifaa vichache, na vijana wetu wana vyote viwili, hata kama cha pili hawakukichagua.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza. Mama yule alimwondoa mwanawe mbele ya kioo cha mafuvu. Nje ya mlango ule ule, kwenye ngazi, walikuwa wameketi vijana watano au sita, kila mmoja ameinamia simu yake. Hakuna aliyewakemea. Kwenye simu zao palikuwa na ndege ndogo nyekundu ikipaa katika mbingu safi. Hakukuwa na fuvu wala kaburi. Ni mchezo wa kamari unaoitwa Aviator: unaweka fedha, ndege inapaa, nambari inaongezeka, na wakati wowote ndege inaweza kutoweka. Kama hujatoa fedha zako kabla haijatoweka, zimekwenda. Mzunguko mzima ni wa sekunde chache, kisha unaanza mwingine. Hakuna cha kufikiri, maana hakuna kinachoweza kujulikana. Hakuna zamu, hakuna mshauri, na hakuna kosa ambalo mtu anaweza kujifunza kwalo. Kijana anabaki na kidole na pigo la moyo.

Serikali imelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2018 maafisa wake walikamata na kuteketeza mashine nyingi za kamari zilizokuwa zimeenea hadi vibanda vya vijijini, zikimeza sarafu za watoto. Mashine ziliteketea, kamari ikahamia kwenye simu, ambako haihitaji kibanda. Mnamo Aprili 2025 bodi ya leseni na udhibiti wa kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka uo huo ikapatikana sheria mpya ya kudhibiti kamari. Hatua hizo ni njema. Lakini sheria haiketi kwenye ngazi za duka la Runyenjes saa nane mchana. Anayepita hapo ni mzazi, mchungaji, mwalimu na chifu, nao wamefundishwa kuutambua uovu kwa pembe na meno. Ndege ndogo nyekundu haina pembe.

Sitaki kueleweka kwamba nayasifu mambo ya kompyuta bila kipimo. Michezo hii ya zamu ina kasoro yake inayojulikana na kila aliyeicheza: zamu moja huvuta nyingine. Mtu husema "moja tu kisha nilale", akaja kushtuliwa na jogoo. Kijana wa siku ile kweli alikuwa ameiacha kahawa mtini, na mama yake alikuwa na haki ya kumdai. Mzazi anayeweka saa za kucheza na saa za kazi anafanya wajibu wake, na mwenye chumba cha kompyuta anayewaruhusu watoto wa shule kuketi humo saa za masomo anastahili kukemewa. Isitoshe nakala nyingi zinazochezwa mitaani hazikununuliwa kwa waliozitengeneza. Hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa na vijana, tena kwa ukweli.

Tena dunia zile ni za watu wengine. Ngome ni za Ulaya, mazimwi ni ya Ulaya, hata miti ni ya Ulaya. Nilipowauliza vijana kama wanajua habari za Mbwaa, wawili hawakuwahi kuzisikia, na wa tatu alizisikia kidogo kwa nyanya yake wa upande wa Chuka. Nilipomaliza kuwasimulia habari za kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mmoja alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ingekuwa nini?" Tayari alikuwa ameanza kuupanga mchezo.

Jambo hilo haliko mbali kama linavyoonekana. Yaoundé, Kameruni, kampuni ya Kiro'o ilitoa mwaka 2016 mchezo wake wa Aurion uliojengwa juu ya masimulizi ya Kiafrika. Hapa kwetu, Wesley Kirinya alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts mwaka 2009, nao wakageukia mashujaa wa hadithi za bara hili. Mwaka 2015 ulitoka Nairobi X, mchezo wa Kikenya ambamo jiji letu kuu linavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Mwaka 2022 taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala iliidhinisha masomo ya kuandika programu katika shule za msingi na za sekondari. Mjini Embu kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016. Mchezo wa zamu ndio rahisi kuliko yote kwa mwanafunzi kuuanza, kwa sababu unaweza kuubuni kwa karatasi, kalamu na mbegu za maharagwe kabla ya kugusa kompyuta. Natoa rai kwamba chuo hicho, pamoja na shule za Runyenjes na vyuo vya ufundi vilivyo jirani, viwaite vijana hawa wanaofukuzwa vyumbani, viwaweke pamoja na wazee wanaozijua hadithi, na viwape muhula mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya siku mbili katika hoteli.

Na wahubiri wetu, ambao nawaheshimu, nawaomba jambo moja kabla ya mahubiri yajayo juu ya michezo: mketi kwanza kando ya mchezaji, mwulize anafanya nini na kwa nini. Halafu mtoke nje mkaketi kwenye ngazi.

Siku ile ya kwanza nilipopewa karatasi zangu na kuinuka, nilitupa jicho tena kwenye kompyuta ya pembeni. Wale wenzake wawili walikuwa bado wameketi, mikono mapajani. Hakuna aliyegusa kitufe. Niliwauliza kwa nini hawaendelei. Mmoja alinijibu kwamba ilikuwa zamu ya yule aliyeondoka na mama yake, nao walikuwa wakimngoja amalize kuchuma kahawa.